BMW R80RT ya 1988: betri inakufa, silinda ya kushoto inatoa moshi. Nianzie wapi?

mwana_wa_tudor

Assalaam aleikum jamaa. Wakubwa, shikamooni.

Nina pikipiki ya BMW R80RT ya mwaka 1988. Ni ile yenye silinda mbili zilizochomoza huku na huku, ngao kubwa ya kukinga upepo mbele na masanduku mawili nyuma. Ilikuwa ya ami yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akienda nayo Malindi, Voi, Taveta, na akivuka Lunga Lunga kwenda Tanga kuwaona jamaa. Alipoanza kuugua ikawekwa uani kwetu Tudor, chini ya mabati, upepo wa bahari ukiipiga mchana na usiku. Familia imekubali niichukue mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi akiifungua. Siiuzi. Naomba hilo tusilijadili.

Injini inawaka. Nimebadilisha oili na plagi, nimemwaga petroli kuukuu na kusafisha kabureta zote mbili, na sasa inatulia vizuri hata bila kuvuta mafuta.

Shida ni mbili. Ya kwanza betri. Nikienda nayo Bamburi na kurudi, kesho yake nikibonyeza starta nasikia tik tik tu. Fundi mmoja mjini aliniuzia betri mpya, ikafa vivyo hivyo, akaniuzia nyengine. Sasa anasema waya zote zimeoza, anataka kuzikata azisuke upya. Taa nyekundu ya chaji haiwaki kabisa, si nikiwasha, si nikiwa barabarani, na yeye anasema hiyo ni dalili kwamba altaneta ni nzima.

Ya pili ni moshi. Asubuhi silinda ya kushoto inatoa moshi wa buluu mpaka jirani anafunga dirisha. Baada ya muda mfupi unakwisha wenyewe. Upande wa kulia hakuna kitu. Fundi anasema ringi zimekwisha, tufungue injini.

Mvua za masika zikiisha nataka kupanda nayo hadi Wundanyi. Nianzie wapi, na nimsikilize nani?

stage_ya_kongowea

Pole kwa msiba, ndugu. Umesema huuzi, nami nakuheshimu, ila nitasema la moyoni kwa sababu mimi pikipiki ndiyo kazi yangu. Hii ya kwangu ya 150 ikiharibika saa nne, saa sita niko barabarani, maana spea zake zinauzwa mpaka vibandani. Hiyo yako kifaa kimoja kikifa utangoja kitoke Ujerumani. Ukiwa na pikipiki moja tu ya kukupeleka kazini, usiitegemee hiyo. Iweke ya safari.

Na huyo wa kuuza betri mbili, usirudi kwake.

mzee_wa_kilindini

Waleikum salaam, mwanangu. Ami yako Mungu amlaze pema.

Kabla ya jengine lolote: mtu asikate waya, na mtu asifungue injini. Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa mitambo bandarini mpaka nikastaafu, na ninayo boksa, yaani pikipiki ya silinda mbili zilizolala, kama hiyo yako. Hayo mawili uliyoyaeleza nayajua, na hakuna hata moja linalotaka hasira ya fundi mwenye nyundo.

Moshi kwanza, kwa kuwa haugharimu kitu. Nakisia unaiegesha kwa stendi ya ubavu, sababu ile ya katikati ni nzito. Stendi ya ubavu inailaza pikipiki kushoto. Silinda za boksa zimelala, hazikusimama, basi oili iliyobaki inateremka usiku kucha kwenda silinda ya kushoto na kupenya kwenye ringi. Asubuhi unaichoma, ikiisha moshi umeisha. Ringi zikiwa mbovu kweli, moshi haungojei asubuhi. Ungeuona barabarani, hasa ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta tena, na oili ingekuwa inashuka kwenye kijiti cha kupimia. Iegeshe stendi ya katikati kwa wiki moja, halafu utuambie. Usiinyanyue kwa mgongo: mkono wa kushoto usukani, wa kulia kwenye kishikio karibu na kiti, kisha simama kwa uzito wako wote juu ya kile kikanyagio cha stendi. Itapanda yenyewe.

Sasa chaji, na hapa nataka usome polepole, maana hapa ndipo pesa zako zilipopotea.

Kwenye hizi BMW, ile taa nyekundu haikuwekwa kuonya tu. Ni sehemu ya njia ya umeme. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, umeme unatoka kwenye betri, unapita ndani ya kile kitaa, unakwenda kwenye regyuleta, unashuka kwenye kaboni, vile vipande vinavyogusa rota, unaingia kwenye rota, ile sehemu ya altaneta inayozunguka, na kumalizikia arthi. Ule umeme kidogo ndio unaoifanya rota iwe sumaku. Bila sumaku altaneta inazunguka bure. Kwa hivyo ufunguo ukifunguliwa taa lazima iwake, na injini ikishika mwendo lazima izimike. Taa isiyowaka kabisa maana yake njia imekatika mahali. Aliyekwambia kuwa ni dalili ya uzima amekigeuza kitu juu chini.

Mahali pa kukatika ni pachache. Chaweza kuwa kitaa chenyewe kimeungua. Yaweza kuwa kaboni zimekwisha au zimekwama. Yaweza kuwa regyuleta. Au rota imekatika waya ndani, na kwa pikipiki ya umri huu mimi naweka shaka yangu hapo, kwa sababu rota imefungwa kwenye pua ya krenki, ile shafti kuu ya injini, inazunguka kwa kasi ileile ya injini na iko ndani ya joto lake.

Utapima hivi. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Hili usiliruke: nyuma ya kile kifuniko cha mbele cha injini, chini ya tangi, kuna bamba la diodi lenye umeme wa betri moja kwa moja, na kifuniko kikiligusa wakati unakitoa utaunguza kitu ambacho kilikuwa kizima. Ukishakitoa utaona altaneta mbele kabisa, na katikati yake pete mbili za shaba zinazong'aa, kila moja inaguswa na kaboni yake. Nyanyua kaboni, ingiza kipande cha karatasi ngumu chini yake ili zisiguse. Weka mita yako kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe na uandike inachosoma, kwa sababu waya za mita nazo zina chao, utakitoa baadaye. Kisha ncha moja pete hii, ncha nyengine pete ile. Rota nzima itasoma kama omu 3. Ikisoma kama hakuna kitu kilichogusana, imekatika. Halafu ncha moja kwenye pete na nyengine kwenye chuma cha rota: hapo isisome chochote. Ikisoma, rota imepiga arthi.

Kuna zinazosoma vizuri baridi na kukatika zikipata moto, kwa hivyo ukiipata nzima, ipime tena baada ya kutoka safari.

Andika namba uje nazo hapa.

mnyonge_wa_mtwapa

Mzee ameshika usukani kwenye umeme, sitamwingilia. Nataka kusema jambo la breki kwa sababu kijana anataja Wundanyi. Kutoka Mwatate kwenda juu ni kona juu ya kona, na kuteremka ndiko kunakotisha. Pikipiki hiyo ikiwa na masanduku yamejaa ni nzito, na nyuma ina breki ya drami, si diski.

Maji ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevu hewani, na hewa ya Mombasa unyevu wake unaujua. Breki zikipata moto yale maji yaliyomo ndani huchemka, ukivuta mkono unaingia mpaka mwisho na pikipiki inaendelea kwenda. Yamwage yote, weka DOT 4 mpya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Mipira ya breki ya mbele, ile mirefu inayopitisha maji ya breki, kama ni ile ya 1988, badilisha bila kuuliza mtu. Kwa nje huonekana mizima, kumbe ndani imevimba.

Tairi nazo usiangalie meno peke yake. Ubavuni kuna namba nne ndani ya umbo kama yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi kama hiyo ina meno mazuri na imekuwa ngumu kama kigae, na barabara ya Mombasa ikinyeshewa mvua ya kwanza huwa na mafuta ya malori juu yake. Vipimo vya yako ni 90/90-18 mbele na 120/90-18 nyuma kama sikosei, lakini soma kwenye tairi yenyewe.

mwana_wa_tudor

Ahsanteni sana, nyote. Stage, nimekusikia: kazini naenda na matatu, hii ni ya safari.

Mzee, swali kabla sijafungua. Huyu fundi anasema waya zimeoza, na kweli nikifungua plagi za waya chini ya tangi nakuta ukungu wa kijani. Huo nao si tatizo?

Na bwana wa Mtwapa, tairi ya nyuma inasoma 0712. Naitoa.

mzee_wa_kilindini

Ukijani ni tatizo, ila dawa yake si kukata. Waya za pikipiki hii ni nzuri, na Wajerumani walizipaka rangi kwa utaratibu, kila rangi na kazi yake. Fundi akishazikata na kuunga kwa tepu nyeusi, ule utaratibu umekufa, na siku taa itakapozimika Samburu usiku hutajua ufuate waya upi.

Kilichoharibika ni pale chuma kinapogusana na chuma, kwa sababu chumvi ya hapa kwetu inakaa hapo. Mimi naamini pikipiki ya Mombasa haimalizwi na kilomita, inamalizwa na kusimama. Inayotembea inapata joto, unyevu unatoka. Inayosimama uani inaliwa kimya kimya kila kiungo. Kwa hivyo fungua plagi moja moja, usichanganye, nyunyiza dawa ya kusafishia umeme, sugua kwa brashi ndogo mpaka shaba ionekane, kausha, paka vaselini kidogo, funga. Kazi ya jioni chache, na itakuondolea maradhi mengi ambayo hata hujayaona bado.

Anza na arthi. Waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye giaboksi, kwa bolti ileile inayoshika kebo ya spidomita. Ufungue, sugua mpaka chuma kiwe cheupe. Wakati uko hapohapo, tazama kile kimpira kinachofunika kebo inapoingia kwenye giaboksi. Kikipasuka, mvua inatiririka juu ya ile kebo na kuingia giaboksi moja kwa moja. Fungua bolti ya chini ya giaboksi, mwaga oili kwenye sahani nyeupe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Giaboksi inachukua lita 0.8 tu, basi usiwe bahili, mwaga na ubadilishe, tembea kidogo, mwaga tena.

Kitu kimoja cha oili ya injini, kwa kuwa umesema umeibadilisha. Kama fundi alitoa na filta, muulize ile pete nyeupe ya mpira na kile kichuma chembamba cha duara vimerudi mahali pake kwenye mfuniko wa filta. Pete ile ni ndogo na watu huiona haina kazi. Isipobana sawasawa, presha ya oili inavuja ndani kwa ndani, nje hakuna tone, na injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Kama hujui, fungua uone kwa macho yako.

Nafasi za vali zipime injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.20 za kutoa. Usiogope, ni kazi rahisi kuliko zote kwenye boksa, vifuniko viko nje pale ubavuni.

Na kama kuna mtu atakwambia petroli ya leo isiyo na risasi itakula viti vya vali, mwambie hiyo ilikuwa hofu ya zile za mwanzo wa miaka ya 1980. Kuanzia 1985 BMW ilibadilisha viti. Yako ya 1988 haina neno.

karani_wa_buxton

Kaka, mimi pikipiki sizijui, ila kazi yangu ni makaratasi na hapa naona hatari. Logibuku bado iko kwa jina la marehemu? Familia kukubali kwa mdomo ni jambo jema, lakini haikuhamishii umiliki. Kama nyote ni Waislamu, mirathi inaweza kupitia Mahakama ya Kadhi, mpate karatasi ya mahakama, kisha ndiyo uhamisho NTSA, mamlaka ya usafiri. Hakikisha namba ya chesesi na ya injini zinalingana na logibuku kabla ya kufika huko, pikipiki za zamani wakati mwengine zimebadilishwa injini. Na bima usiache, hata ile ya mtu wa tatu. Ukitaka kwenda Tanga kama ami yako, utahitaji pia kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, Tanzania inaikubali.

Fanya hivyo mapema. Wajomba wakiwa hai wote wanakumbuka walichokubaliana.

mwana_wa_tudor

Dada, ahsante. Logibuku ni ya marehemu bado. Nitakaa na shangazi zangu wiki hii tuanze.

Mzee, nimerudi na habari.

Moshi: nimeiegesha stendi ya katikati tangu uliposema. Kumekucha hakuna moshi. Jirani ameniuliza kama nimebadilisha injini.

Chaji: niliondoa hasi ya betri, nikafungua kifuniko. Vumbi jeusi la kaboni limejaa mle, lakini kaboni zenyewe bado ndefu na zinacheza vizuri. Niliweka karatasi chini yake kama ulivyosema. Ncha za mita zenyewe zinasoma 0.4. Pete kwa pete: haisomi kitu. Nilizisugua pete kwa msasa laini nikidhani ni uchafu, bado haisomi. Pete kwa chuma cha rota: haisomi pia. Kitaa cha chaji nilikitoa nikakipima kwa betri, kinawaka.

Kwa hiyo ni rota?

mzee_wa_kilindini

Ni rota, mwanangu. Imekatika waya, haikupiga arthi. Na umepima vizuri, kwa utaratibu, kitaa hukukiacha. Ami yako angefurahi.

Betri zako mbili zilikuwa nzima zote. Zichaji kwa chaja ya nyumbani, ukizipata zinakaa volti 12.6 baada ya kulala usiku, weka moja na nyengine mpe mwenye shida.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza rota iliyosukwa upya. Zinatengenezwa Ulaya na Marekani mpaka leo, kwa sababu boksa hizi bado ziko nyingi duniani. Ya pili ni kuisukisha hapa. Mombasa hatukosi mafundi wa kusuka mota, kwa sababu bandari na viwanda vya Changamwe vinawalisha. Mimi yangu ilisukwa hapahapa na inatembea. Ila mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, ikiisha isome kama omu 3 na si zaidi sana, maana regyuleta yako imezoea hiyo. Pili, hii si rota ya feni. Inazunguka kwa kasi ya krenki, kwa hivyo waya zifungwe na kuloweshwa vanishi ngumu ya joto, zikauke kwenye oveni, zisisogee hata unywele. Akikwambia atapaka gundi na kukupa leo, chukua rota yako uondoke.

Kuitoa ndipo watu wanapoumia. Imekaa kwenye pua ya krenki iliyochongwa kwa mwinamo, na inashika kwa nguvu. Ukifungua bolti ya katikati haitoki. Usiipige nyundo, wala usiing'oe kwa bisibisi pembeni. Inatakiwa pini maalumu ya chuma kigumu inayoingia mle ndani, kisha unarudisha bolti inaisukuma pini, rota inaruka. Ukitumia bolti laini ya dukani kama pini, itapinda au kuvunjika ndani ya krenki, na hapo sasa ndipo utafungua injini kweli.

Ikirudi, weka mita kwenye betri, injini mwendo wa mizunguko 3,000 hivi kwa dakika: utake kuona karibu na volti 14. Injini ikiwa sailensa tu, bila kuvuta mafuta, itasoma chini, usishtuke, altaneta hii ni ya wati 280 na haichaji kitu cha maana injini ikinguruma polepole. Kwa hivyo kwenye foleni ya feri Likoni zima injini kabisa. Haina rejeta wala feni, ikisimama inajipika, na taa ya mbele inakula betri huku hakuna kinachoingia.

boksa_mikindani

Nimekuwa nikisoma kimya. Ile pini ya kutolea rota ninayo, nilichongesha kwa chuma kigumu cha drili, imetoa rota kadhaa na haijapinda. Niko Mikindani. Kijana, nitumie ujumbe wa ndani tupange Jumamosi baada ya Asri. Njoo na rota ikiwa bado ndani, usiiguse; hasi ya betri tutaitoa ukifika, na uje na ufunguo wa L wa milimita 6 wenye ncha isiyolika. Kama pikipiki haiwaki, nina rafiki mwenye pikapu, atakufuata Tudor.

Mzee, na wewe ukiweza kufika, karibu. Yangu inavuja oili kwenye mipira ya chini ya silinda ya kulia na ningependa uitazame.

mzee_wa_kilindini

Nitakuja, inshallah. Hiyo ya kuvuja chini ya silinda usiifungue kabla sijafika. Mara nyingi ni kola ya chuma iliyolegea tu juu ya ule mpira, inagongwa polepole mpaka ikae.